Kinachoshika Nguzo Baharini

Likasi, mji wa shaba wa Katanga nchini Kongo, haina bahari, wala haiko jirani nayo. Lobito kwenye Atlantiki na Dar es Salaam kwenye Bahari ya Hindi ziko karibu umbali uleule kutoka hapa, kila moja kilomita 1,400 na ushei kwa mstari ulionyooka, na lori la mizigo hutembea zaidi ya hapo. Hata hivyo shaba ya Katanga haikai Katanga. Tangu enzi za kampuni ya Union Minière hadi Gécamines na wawekezaji wa leo, vibamba vya shaba hupakiwa kwenye malori na mabehewa kuelekea bandarini, na siku hizi sehemu ya shaba ya dunia inaishia baharini kabisa, ndani ya mitambo ya umeme wa upepo. Mwaka 2021 Shirika la Kimataifa la Nishati lilikadiria kwamba kila megawati moja ya umeme wa upepo wa baharini inahitaji tani 8 hivi za shaba, nyingi zikiwa kwenye nyaya. Mtambo mmoja wa megawati 13, kama ile ya Dogger Bank katika Bahari ya Kaskazini, kwa hesabu hiyo unakula tani mia moja.

Watu wa mji wa shaba wana haki ya kuuliza tani zao mia zimesimama juu ya nini. Mara nyingi jibu ni bomba. Bomba moja la chuma, kipenyo chake mita 8 hadi 10, linapigiliwa kwa nyundo hadi liingie mita 30 hivi ndani ya mchanga au udongo wa mfinyanzi ulio chini ya maji. Juu yake hufungwa mnara, na juu ya mnara mapanga yanayozunguka. Hakuna zege iliyomwagwa juu ya mwamba, hakuna kamba za kuuvuta pembeni. Upepo unasukuma juu kabisa, mawimbi yanapiga katikati, na udongo peke yake ndio unaozuia bomba lisilale.

Chuma cha bomba kimetengenezwa kiwandani na nguvu yake inajulikana kabla ya kupakiwa melini. Udongo hakuna aliyeutengeneza. Mhandisi anaukuta ulivyo, anachukua sampuli chache, halafu anatakiwa aseme utafanya nini kwa miaka 25. Sayansi ya kutabiri hivyo imekua kwa njia ya ajabu kidogo, na sehemu yake kubwa ilisimama kwa muda mrefu juu ya majaribio machache sana.

Aliyewahi kufyatua matofali huku kwetu anaijua nusu ya sayansi hii kwa viganja vyake. Vichuguu vya Katanga, vile virefu kuliko nyumba, hubomolewa kwa ajili ya matofali kwa sababu mchwa wameshafanya kazi ya kukusanya udongo laini unaonata. Fundi huumwagia maji, huukanyaga, halafu huujaza kwenye kibao. Ukifinya bonge la udongo huo kwa haraka, halitoi maji. Linateleza kati ya vidole na kubadili umbo. Liache chini ya kitu kizito usiku kucha, na asubuhi utakuta limetota pembeni, limepungua na kukaza. Sasa chukua mchanga wa mtoni uliolowa. Ukiukanyaga, maji yanakimbia mara moja na mchanga unakuwa mgumu papo hapo. Kinachotofautisha vitu hivi viwili ni muda ambao maji yanahitaji ili yaondoke.

Mwaka 1925 Karl Terzaghi, Mwaustria aliyekuwa akifundisha Istanbul, aliliweka jambo hilo katika hesabu, na ndiyo maana wengi humwita baba wa fani hii. Alionyesha kwamba mzigo unaokandamiza udongo uliolowa hugawanyika. Sehemu hupita punje kwa punje, na sehemu hubebwa na maji yaliyo katika nafasi kati ya punje. Ile inayopita kwenye punje ndiyo inayozaa msuguano na kuushikilia udongo. Maji hayana msuguano. Yakibanwa yasipate pa kutokea, yanabeba mzigo lakini hayashiki kitu.

Hapo ndipo tabia ya nguzo inapoanza kueleweka. Nyundo inapopigilia bomba ndani ya udongo wa mfinyanzi, maji yaliyo karibu na ukuta wa bomba yanabanwa na shinikizo linapanda. Udongo unalegea, na bomba linashuka vizuri. Kazi ikisimama, maji yanaanza kutoka taratibu, punje zinagusana tena, na udongo unaukumbatia ukuta wa chuma. Nyundo ikiharibika jioni nguzo ikiwa nusu ya safari, kesho yake inaweza kugoma kabisa. Wafanyakazi wa kazi hiyo huiogopa saa hiyo. Lakini baada ya kazi kukamilika, hofu hiyohiyo inageuka faida: nguzo iliyopigiliwa leo inabeba mzigo mkubwa zaidi baada ya wiki kadhaa.

Hiyo ni nguzo inayobeba uzito wa kushuka chini, kama za daraja. Kwa mtambo wa upepo shida kubwa ni kusukumwa pembeni, na hesabu yake ilianzia kwenye jambo ambalo Likasi inalifahamu vizuri, yaani reli. Katika karne ya 19 wahandisi wa Ulaya walitaka kujua chuma cha reli kinapinda kiasi gani chini ya magurudumu ya treni. Ardhi iliyo chini ya mataruma ni kitu kigumu kukihesabu, basi wakaibadilisha kwa mawazo. Emil Winkler, katika kitabu chake cha 1867, aliichukulia kana kwamba ni safu ya springi zilizosimama kila moja peke yake, kila springi ikirudisha nguvu kulingana na ilivyobonyezwa. Ni uongo, na kila mhandisi anajua ni uongo, kwa sababu udongo wa hapa unapobonyea unauvuta na wa jirani. Ila ni uongo unaohesabika kwa kalamu, nao ukatoa majibu mazuri kiasi cha kuaminika.

Ulaze mfano huo ubavu, nao unakuwa mfano wa nguzo. Badala ya reli iliyolala juu ya springi, weka nguzo iliyosimama, na springi zake zikiwa pembeni kuanzia sakafu ya bahari hadi chini. Springi za juu ni dhaifu, kwa kuwa udongo wa juu unaweza kuinuka na kukimbia nguzo inapousukuma. Za chini zina nguvu, maana udongo wa huko umebanwa na hauna pa kwenda ila kuizunguka nguzo. Nazo hazifuati mstari ulionyooka: zinaanza ngumu, zinalegea kadiri nguzo inavyosogea, hadi udongo unafika mwisho wa uwezo wake.

Swali lililobaki lilikuwa ugumu wa kila springi, na jibu lake lilitoka Texas. Kampuni za mafuta zilikuwa zinasogeza majukwaa yao kwenye maji yenye kina zaidi katika Ghuba ya Meksiko. Mhandisi Hudson Matlock alivuta na kusukuma nguzo ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 32 hivi katika udongo laini wa mfinyanzi, akachapisha matokeo mwaka 1970. Lymon Reese na wenzake walifanya hivyo katika mchanga wa Kisiwa cha Mustang kwa nguzo mbili zenye kipenyo cha sentimita 61, zilizozama mita 21. Matokeo yalitoka 1974. Michoro iliyopatikana iliingia katika kanuni za Taasisi ya Petroli ya Marekani, na kutoka hapo ikasambaa duniani kote. Kwa miongo kadhaa, ukisikia jukwaa la baharini limehesabiwa kuwa salama, nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na nguzo chache nyembamba za Texas.

Kwa majukwaa ya mafuta hilo halikuwa baya. Nguzo zao ni nyembamba na ndefu kama zile zilizojaribiwa, na zinapinda juu huku chini zikibaki tuli. Ile ya Mustang urefu wake ndani ya ardhi ulikuwa zaidi ya mara 30 ya kipenyo chake. Bomba la mtambo wa upepo lenye kipenyo cha mita 8 na mita 30 ardhini halifiki hata mara nne. Kitu kifupi na kinene hivyo hakipindi. Kinazunguka chote kwa pamoja: juu kinaelekea upepo unakoelekea, na chini kabisa kinapiga teke kurudi nyuma. Kanuni zilizopimwa kwa nguzo nyembamba ziliongezewa vipimo tu, zikatumiwa kwa kitu cha tabia nyingine kabisa.

Ushahidi kwamba mambo hayakuwa sawa ulitoka kwenye minara yenyewe. Kila mnara una mwendo wake wa kuyumba, na mbunifu hana uhuru mkubwa wa kuuchagua. Mapanga ya mtambo mkubwa huzunguka mara kumi hivi kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja kila sekunde sita, na panga moja hupita mbele ya mnara kila sekunde mbili. Mawimbi ya dhoruba huja kila sekunde kumi au zaidi. Mnara ukiyumba kwa mwendo unaolingana na mojawapo ya hayo, kila msukumo unaongezea uliotangulia, na chuma kinachoka haraka. Nafasi iliyobaki ni ndogo, tuseme sekunde nne hivi. Basi udongo ukiwa laini kuliko hesabu, mnara unayumba polepole zaidi na kusogelea mwendo wa mapanga. Vifaa vilivyofungwa kwenye mitambo iliyokwisha kujengwa vilionyesha kinyume: mara nyingi minara iliyumba haraka kuliko ilivyotabiriwa. Udongo ulikuwa mgumu kuliko springi za Texas zilivyosema. Ni habari njema kwa usalama, lakini pia ina maana kwamba chuma kingi kilikuwa kimezikwa baharini bila sababu.

Hapo ndipo mradi wa utafiti unaoitwa PISA ulipoingia. Kampuni ya DONG Energy ya Denmark, ambayo leo inaitwa Ørsted, pamoja na kampuni nyingine za umeme, ziliungana na vyuo vikuu vya Oxford, Imperial College London na University College Dublin. Walichagua viwanja viwili nchi kavu, kwa sababu kupima nchi kavu ni rahisi mara nyingi kuliko baharini: Cowden mashariki mwa Uingereza, penye udongo mgumu wa mfinyanzi ulioachwa na barafu, na Dunkirk kaskazini mwa Ufaransa, penye mchanga ulioshindiliwa. Wakapigilia nguzo za vipenyo vitatu, kubwa kabisa zikiwa za mita 2, wakazivuta pembeni hadi udongo ushindwe.

Walichopata ni kwamba springi za pembeni peke yake hazitoshi kwa nguzo nene. Nguzo nene inapoinama, ubavu wa mbele unashuka na wa nyuma unapanda, na msuguano wa udongo kwenye kuta hizo mbili unapinga kuinama. Kitako chake nacho kinateleza juu ya udongo ulio chini, na kinainama juu yake. Kwa nguzo nyembamba mambo hayo matatu ni madogo kiasi cha kusahaulika. Kwa bomba la mita 8 yanabeba sehemu ya kazi isiyoweza kupuuzwa. Modeli mpya ina aina nne za springi badala ya moja.

Ugumu wa springi hizo mpya haupatikani kwa kukisia. Kwanza udongo wote unaoizunguka nguzo hujengwa ndani ya kompyuta, ukikatwa vipande maelfu kwa maelfu, kila kipande kikiwa na kanuni yake ya jinsi kinavyobonyea na kuvunjika. Hesabu ya namna hiyo inakula saa nyingi kwa msukumo mmoja tu, na mbunifu anahitaji kujaribu maelfu ya hali za upepo na mawimbi. Kwa hiyo kompyuta kubwa hutumika mara chache kuzifundisha springi, na springi zikishafundishwa zinafanya kazi iliyobaki kwa sekunde. Modeli ya springi yenyewe inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa uhandisi hapa Likasi kwenye kompyuta ya mkononi ya kawaida, umeme usipokatika.

Kinachomkosesha mhandisi usingizi ni tarakimu za udongo wenyewe, na hapa naona wahandisi wa kwetu wanapaswa kuwa wakali. Springi za PISA zilifundishwa kwa udongo wa barafu na mchanga wa Ulaya. Udongo wa pwani ya Waswahili haukuachwa na barafu.

Kongo nayo ina pwani, kipande cha kilomita 40 hivi magharibi kabisa. Baharini mbele ya Muanda mafuta yamekuwa yakichimbwa tangu miaka ya 1970, na kule Banana ujenzi wa bandari ya maji ya kina ulianza 2022. Jirani na hapo, korongo la mto Kongo linaingia baharini na kuendelea chini ya maji mamia ya kilomita. Januari 2020 tope na mchanga viliporomoka ndani ya korongo hilo vikakimbia zaidi ya kilomita 1,100 na kukata nyaya za mawasiliano, intaneti ikadorora katika nchi nyingi za magharibi na kusini mwa Afrika. Pale swali la ugumu wa springi linakuja nyuma ya swali jingine: udongo huo utakuwepo kesho?

Upande wa mashariki tatizo ni tofauti, na kwa maoni yangu ni gumu zaidi, kwa kuwa halionekani. Kilwa, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa na Mji Mkongwe wa Zanzibar vilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na mchanga wa fukwe nyingi za huko ni matumbawe na kome waliosagika. Punje zake hazifanani na za mchanga wa mtoni. Nyingi ni vipande vya magamba, bapa au vyenye uwazi ndani, na zinavunjika.

Dunia ilijifunza maana yake Australia mwaka 1982, jukwaa la gesi la North Rankin A lilipowekwa magharibi mwa nchi hiyo. Nguzo zilizotarajiwa kupigiliwa kwa nguvu zilizama makumi ya mita karibu zenyewe. Mchanga ulikuwa umekandamizwa na kushikamana kidogo, na ncha ya nguzo ilipopita, punje zilisagika. Mchanga uliosagika unachukua nafasi ndogo, kwa hiyo haukurudi kuukaza ubavu wa bomba. Msuguano ukabaki sehemu ndogo ya ule uliohesabiwa. Kazi ya kuimarisha misingi iligharimu fedha nyingi, na watafiti wa jiji la Perth, hukohuko magharibi mwa Australia, wakaanza miaka ya kuuchunguza mchanga huo. Dawa iliyokubalika mahali pengi ni kuacha nyundo: shimo huchimbwa kwanza, bomba huwekwa ndani, na saruji ya maji husukumwa kujaza pengo, ili iushike mchanga bila kuusaga.

Sehemu ya utafiti wa Perth hufanywa kwa mashine inayozungusha kisanduku cha udongo kwa kasi kubwa mno. Nguzo ya mfano yenye urefu wa sentimita 30, ikizungushwa hadi uzito wa kila kitu uongezeke mara mia, inaona mkandamizo uleule wa nguzo ya mita 30. Na maji yanayotoka kwenye udongo huo hufuata hesabu ya mraba: siku moja ndani ya mashine ni sawa na siku 10,000 baharini, yaani miaka 27. Maisha yote ya mtambo, kati ya asubuhi na asubuhi.

Kwa sasa pwani ya Waswahili haina mitambo ya upepo baharini. Ina madaraja na magati. Daraja la Tanzanite la Dar es Salaam, lililofunguliwa 2022, limepita juu ya maji ya bahari kwa urefu wa kilomita moja hivi. Chongoleani karibu na Tanga, mwisho wa bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, kuna gati la kupakia meli linalokwenda mbali baharini juu ya nguzo. Hata bara, Daraja la Kigongo–Busisi la kilomita 3, lililozinduliwa Juni 2025, misingi yake iko kwenye sakafu ya Ziwa Viktoria. Kila moja ya kazi hizo imezaa mafaili ya vipimo vya udongo. Nadhani mafaili hayo yana thamani kuliko madaraja yenyewe, maana daraja lina eneo moja na tarakimu za udongo zinaweza kutumika pwani nzima.

Kipimo cha kwanza katika faili la namna hiyo ni kitu ambacho fundi wa maabara wa kiwanda cha shaba cha Shituru, hapa Likasi, angekifanya akiwa amefumba macho. Unadondosha asidi kwenye mchanga na kuangalia unavyochemka, halafu unapima ni sehemu gani imeyeyuka. Huku Katanga swali hilo huulizwa kwa sababu ya fedha: madini yaliyomo kwenye mwamba wa dolomiti hunywa asidi nyingi kabla ya kuachia shaba, na dolomiti yenyewe huchemka kwa uvivu kwenye asidi baridi, tofauti na chokaa. Kwa mhandisi wa baharini, mchanga unaochemka sana na kuyeyuka karibu wote ni onyo kwamba springi za vitabuni hazifai hapo.

Kipimo cha pili ni koni ya chuma yenye ncha ya digrii 60, inayosukumwa ardhini kwa mwendo wa sentimita 2 kwa sekunde huku ikisoma ukinzani wa ncha na wa ubavu. Ni chombo kizuri sana, na kwenye mchanga wa mtoni kinatosha kubuni nguzo nzima. Kwenye mchanga wa matumbawe kinaweza kudanganya. Ncha inakutana na punje zilizobanana na kushikana, inasema hapa pana nguvu. Ubavu wa nguzo unaofuata nyuma yake unakuta unga. Ndiyo maana kule mkandarasi mwangalifu hapigilii nguzo mia kabla ya kupigilia moja au mbili za majaribio, kuziacha zikae wiki kadhaa, na kuzivuta kwenda juu kwa jeki hadi zing'oke, akiandika nguvu ya kila milimita.